Kuediti video ni starehe yangu, siyo mchango wangu wa harusi!

Wakuu, leo nimekuja nimevimba. Kama hutaki malalamiko pita kushoto.

Mimi ni mwajiriwa wa kawaida, kazi yangu haihusiani na kamera wala studio. Jioni wenzangu wakienda kuangalia mpira, mimi navaa hedifoni, nakata video na kupika biti. Sijasomea, sina kampuni, sijawahi kumtangazia mtu bei. Sasa ukoo mzima umeamua kwamba kwa kuwa napenda, basi hainigharimu kitu. "Si unakaa tu kwenye kompyuta?"

Shemeji kaniletea video za sendofu ya mdogo wake. Kapitishia wapi? WhatsApp! Klipu zimebanwa mpaka bibi harusi na mpambe wake huwezi kuwatofautisha, halafu eti "itoe iwe 4K, ile picha kali kabisa, tutaionyesha ukumbini kwa projekta". Shem, picha ikishapotea imepotea, mimi sina dawa. Namwambia atume kama dokumenti au alete kwenye fleshi, anajibu bando limeisha. Ni kweli dakika moja ya 4K ya iPhone inakula kama MB 170, sherehe nzima huirushi kwa bando la buku. Basi panda daladala ulete hiyo simu!

Bado sauti. Hotuba zimerekodiwa kwa simu tofauti, na simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu (zile picha mojamoja zinazounda video) kwa sekunde, zinapanda na kushuka. Ukizitupa kwenye programu, mwanzoni mdomo na sauti vinaenda pamoja. Ikifika baba mzazi anashukuru wageni, mdomo umeshafungwa na bado anaongea. Inabidi kila klipu niipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadilisha video, ili fremu zitulie, ndipo nianze kukata. Laptopu yenyewe ya mtumba, feni inalia usiku kucha, uniti za LUKU zinayeyuka, na asubuhi natakiwa kazini. Saa 1 asubuhi meseji inaingia: "Bado tu?" Hata salamu hakuna.

Malipo? "Mungu atakulipa." Amina. Ila MC kalipwa, mpambaji kalipwa, na mwoka keki kapewa advansi kabla hata unga haujapepetwa.

Kwenye biti ndiyo usiseme. Binamu alitaka singeli ya kumwingiza bwana harusi ukumbini, "kitu cha fasta tu". Singeli ni ya fasta kweli, inapita mapigo 200 kwa dakika, lakini hiyo fasta ni ya kuicheza, siyo ya kuitengeneza! Kwa kasi ile, kiki (lile pigo zito la ngoma) na besi vikigongana kidogo tu spika zinatoa matope. Nikakesha nasogeza kiki mojamoja, nakata mkia wa besi ili kila pigo lipate nafasi. Nampelekea, ananiambia haichangamki. Kesho yake iko kwenye statasi yake, kaandika yeye ndiye prodyuza.

Mjomba naye. Nilimwambia mapema asiweke wimbo wa msanii mkubwa kwenye video ya harusi halafu akaipandisha YouTube. Kakaza shingo. Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, ikainasa, na mfumo huo upo tangu 2007, haukuanzishwa kwa ajili yake. Mwenye wimbo anaweza kuizuia video au kuchukua pesa ya matangazo. Mjomba kaja kwenye grupu la familia mbele ya mashangazi wote: "Kijana kaniharibia chaneli." Na mashangazi wakaweka vile vikatuni vya kulia.

Wenye uzoefu nisaidieni: ndugu mnamtoza shilingi ngapi kwa video ya dakika kumi, na advansi mnaidai kwa lugha gani? Jibuni haraka, mama mkwe kanitumia ujumbe sasa hivi kwamba ana klipu za kipaimara. Kazituma WhatsApp.