Tupeane uzoefu: roboti rahisi ya mtoto inayogeuka gari la polisi, wewe unaipimaje?

Baba wa Sakina, Arusha (mwanzisha mada)

Habari za jioni wadau. Naomba wazazi, walimu, mafundi na yeyote aliyewahi kushika zile roboti za plastiki zinazokunjwa zikawa gari la polisi aseme alichokiona. Siongelei zile kubwa za wakusanyaji, zenye hatua lukuki na karatasi ya maelekezo. Naongelea ile rahisi ya hatua tatu nne, inayopatikana Soko Kuu mpaka vibanda vya stendi.

Ya kwetu nilimnunulia kijana wangu aliye chekechea. Gari jeupe, milango myeusi, taa nyekundu na bluu juu ya paa, linaenea kiganjani. Unavuta upande wa buti unarefuka kuwa miguu, unafungua milango mikono inatoka, unalaza boneti inakuwa kifua, na kichwa kinainuka chenyewe. Imeisha.

Nilimwonyesha mara moja nikakaa pembeni. Miguu aliivuta bila shida, mikononi akakwama, akaigeuza chali, akatazama bawaba inaelekea wapi, akamaliza. Boneti ilipokaa mahali pake ikalia "tak", aliruka. Tangu hapo kipimo changu kikubwa ni hiki: mtoto aweze kuigeuza mwenyewe, kwenda na kurudi, bila kuita mtu mzima. Kurudi ndiko kugumu. Nyingi zinafunguka vizuri kuwa roboti, lakini ukizirudisha gari paa linabaki na mwanya, tairi moja inaning'inia, na ukilisukuma linaburuza tumbo.

Kwa hiyo dukani naomba kuifungua kabla ya kulipa. Ikiwa gari naisukuma juu ya kioo cha kaunta, naangalia tairi zote nne zinazunguka. Ikiwa roboti naisimamisha bila kuiegemeza popote. Hapo ndipo nyingi zinaanguka chali, kwa sababu karibu uzito wote wa gari umebaki mgongoni na nyayo ni fupi. Ya kwetu ina kipande kinachotokeza kisiginoni, inasimama imara hata kwenye zulia. Upungufu wake ni shingo isiyogeuka na viwiko visivyokunja. Kwa bei yake naona ni haki.

Karibuni. Mlinunua ipi, na iliharibikia wapi?

Muuza duka, Soko Kuu

Mkuu, hilo la kufungua kabla ya kulipa mimi silikatai, na mteja akikataliwa aende duka jingine. Ninazouza ni za aina tatu. Kuna ya springi, unabonyeza kitufe inafunguka yote kwa mpigo. Kuna hiyo yako ya kukunja kwa mkono. Halafu kuna ya betri, inatembea huku inapiga king'ora, kisha inasimama na kugeuka yenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo inayong'aa kwenye boksi na ndiyo inayorudishwa sana. Mtoto hasubiri mota imalize, anaivuta kwa nguvu, meno ya gia yanalika, basi inabaki inalia tu. Mzazi akiniuliza, nampa ya kukunja.

Fundi wa Mbauda, Arusha

Aisee, uzi mzuri huu. Mimi ni fundi simu lakini midoli ya mtaa mzima inaishia mezani kwangu.

Zinavunjikia sehemu mbili. Ya kwanza ni bawaba. Kabla ya kununua, angalia kilichopita katikati ya bawaba ni pini ya chuma au ni kijiti cha plastiki kilichomiminwa pamoja na kipande. Cha plastiki kinakatika mapema, na kinakupa dalili: pale kinapokunjwa rangi inaanza kupauka, unaona mstari mweupe. Ukiuona huo mstari kwenye roboti ya dukani, irudishe kwenye rafu. Ikiwa ni nyeupe tangu mwanzo, kama gari la polisi, dalili hiyo haionekani vizuri, kwa hiyo pima kwa kucha, utahisi ufa.

Kijiti kikikatika nakitoa chote, natoboa tundu kwa sindano iliyopashwa moto, napitisha pini ya ofisi na kukata ncha zote mbili, nazifukia ndani zisimchome mtoto. Inarudi ikiwa na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Sehemu ya pili ni maungio ya goroli, hasa mabegani. Yanalegea, mkono unaanguka wenyewe. Chomoa mkono, paka supa gluu kidogo sana kwenye goroli, iache ikauke kabisa nje, kisha rudisha. Goroli inanenepa kidogo, mkono unakaza. Usiipake huku imeunganishwa, utaigandisha na haitageuka tena.

Mafuta ya kula msipake kwenye bawaba. Yananasa vumbi la mtaani kwetu na baada ya muda kinakuwa kitope.

Muuguzi, Moshi

Samahanini wazazi, hapa sitaongea taratibu. Roboti yenye taa na king'ora mara nyingi ndani ina zile betri za kidonge. Kabla ya kitu kingine chochote, geuza mdoli uangalie mfuniko wa betri. Kama haufungwi kwa skrubu, usiupeleke nyumbani kwenye mtoto mdogo, hata kama mwenye mdoli ni mkubwa, maana mdogo wake yupo. Betri ya kidonge ikikwama kooni inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2, na mtoto anaweza kuonekana mzima tu, anatoa udenda au anakataa kula. Ukihisi amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali muda huohuo, usisubiri aoneshe dalili.

Na vipande vidogo pia. Viwanda vinapima midoli ya watoto chini ya miaka 3 kwa kikopo chenye upana wa milimita 31.7. Kinachoingia chote humo kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Taa ya paa la gari la polisi ikichomoka huwa inaingia. Ivuteni kwa vidole vyenu dukani, kwa nguvu kweli.

Mkusanyaji wa Kiboriloni, Moshi

Mbe, mimi nazitafuta kwenye mtumba. Robota la midoli likifunguliwa nakuwa pale asubuhi. Niliwahi kupata Chase, roboti wa polisi wa bluu kutoka Rescue Bots, midoli ya kampuni ya Hasbro. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya watoto wadogo: vipande vinene, kona za mviringo, hakuna kitu cha kuchomoka. Ilikuwa na mikwaruzo mwili mzima lakini bawaba zote nzima. Hapo ukawaambie watu mtumba mzuri unashinda mpya dhaifu.

Kwa wanaopenda historia: babu wa hizi zote ni Prowl, roboti anayegeuka gari la polisi, aliyetoka Marekani mwaka 1984 chini ya Hasbro. Umbo lenyewe ni la Japani, la kampuni ya Takara, kwenye midoli yake ya Diaclone. Ni gari aina ya Nissan Fairlady Z iliyopakwa nyeusi na nyeupe kama magari ya polisi ya Japani. Huenda ndiyo maana hata hizi rahisi za Soko Kuu zina rangi hizo, wakati polisi tunaowaona barabarani kwetu wapo kwenye Land Cruiser. Boneti kuwa kifua na milango kusimama mgongoni kama mbawa vilikuwepo tangu yule wa 1984. Ile kiti unayoiona ndani ya gari ilikuwa ya kumkalisha dereva mdogo mwenye sumaku miguuni, wa enzi za Diaclone. Hasbro walimtoa dereva, kiti ikabaki.

Angalizo: plastiki nyeupe ikianikwa juani inageuka njano. Usiiache dirishani.

Mwalimu wa chekechea, Usa River

Nakubaliana na mwanzisha mada kwa moyo wote. Darasani tuna kikapu cha midoli iliyoletwa na wazazi. Roboti ngumu inaishi kama roboti tu au kama gari tu, haigeuzwi, kwa sababu watoto wameshakata tamaa nayo. Ile rahisi ndiyo inayogombaniwa. Nimeona mtoto asiyeongea sana akiwafundisha wenzake: "Vuta hapa kwanza, halafu huku." Kupanga hatua kwa mdomo namna hiyo, tena kwa mpangilio sahihi, ni kazi kubwa kwa umri wao, na mdoli wa bei ndogo umeifanya.

Wanaume mnaotamani viwiko vikunje, viacheni. Kila ungio linaloongezwa ni hatua moja zaidi kwa mtoto.

Baba wa Sakina, Arusha

Asante mwalimu, viwiko nimeviacha. Dada muuguzi, nimekagua, ya kwetu haina betri, taa ni plastiki tu na haichomoki. Fundi, nina swali: boneti imeanza kulegea, ule mlio wa "tak" umepungua. Bawaba ni nzima.

Fundi wa Mbauda, Arusha

Hapo ni kile kijino kinachoshikia boneti kimelika, si bawaba. Usisugue kitu. Paka tone la supa gluu juu ya kijino, liache wazi usiku kucha, asubuhi jaribu. Likizidi, punguza kwa msasa laini. Isipokubali, pita nayo kijiweni.