Tulihamishwa Bonde la Msimbazi ili maji yapate nafasi, na sasa nafasi hiyo inajazwa kifusi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na uchungu, na sitauficha. Familia yetu iliishi bondeni, upande wa Hananasifu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Marehemu mama alijenga pale chumba kimoja kimoja kwa fedha ya maandazi, na hadi siku tunaondoka ukuta wa sebuleni ulikuwa na mstari wa kahawia juu kidogo ya swichi ya taa. Hiyo ndiyo alama ya maji ya Desemba 2011, ambayo mama alikataa isipakwe rangi ili wajukuu wake wajue maji yalifika wapi. Mvua ile iliua watu zaidi ya 40 katika jiji la Dar es Salaam, na wengi waliookolewa walipelekwa Mabwepande kuanza maisha upya. Sisi tulibaki. Mwishoni mwa mwaka 2015 zikaja alama nyekundu za X na matingatinga, nyumba za majirani zikalala chini mbele ya macho yetu, yetu ikasalimika. Kwa hiyo tulipoelezwa kwamba safari hii kuna mradi, kuna tathmini na kuna fidia, na kwamba bonde litachimbwa na kupanuliwa ili liweze kubeba maji mengi zaidi ya mafuriko, hatukuweka pingamizi. Tulikubali kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa ya kweli: maji yalikuwa pale kabla yetu.

Ninacholalamikia ni kwamba pale tulipoondolewa ili maji yapate pa kukaa, sasa panajazwa kifusi.

Siku hizi naishi Kibamba na kazi yangu iko Kariakoo, kwa hiyo kila siku navuka Jangwani nikiwa ndani ya mwendokasi. Kutoka dirishani huoni mengi zaidi ya matete na yangeyange wanaookota chakula topeni. Jumamosi moja nilikwenda kumjulia hali jirani yetu wa zamani, bibi ambaye nyumba yake imebaki juu ya mpaka wa mradi, na jioni tukiwa barazani nikasikia malori. Yalikuja matatu, taa zimezimwa, yakarudi kinyumenyume hadi ukingoni na kumwaga. Asubuhi nilishuka kuangalia. Palikuwa na vipande vya vigae, mifuko ya saruji iliyoganda, nondo zenye kutu, matofali yaliyovunjika na udongo mwekundu uliotoka mbali, vyote vimesukumwa na katapila juu ya matete, ambayo mengine yalikuwa yangali mabichi, yamechomoza ncha tu. Nilisimama pale ilipokuwa sebule yetu nikajipima na ukingo wa kifusi: kilinifika kifuani. Huo ndio urefu wa mstari wa mama.

Bibi aliniambia kwamba kazi hiyo ina miezi, na kwamba hufanyika usiku wa Ijumaa na Jumamosi, ofisi zinapokuwa zimefungwa.

Wapo watakaosema ni malori machache tu katika bonde kubwa, kwa hiyo naomba nieleze bonde hili linafanya kazi gani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea maji ya mito midogo kama Luhanga na Ng'ombe, kisha unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, ambako miti imepungua na nyumba zimeongezeka, maji hushuka kwa kasi na kwa wingi, tena yamebeba mchanga. Mto Ng'ombe nao umejengewa kingo za zege, jambo ambalo limewaokoa watu wa Sinza na Tandale, lakini maji yaliyokuwa yakizagaa mitaani kwao sasa yanafika chini haraka zaidi. Huku chini nako mlango ni mwembamba na bahari ina ratiba yake. Maji ya bahari yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mto hauwezi kumwaga, na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita. Katika saa hizo, maji yote yanayoshuka kutoka Pugu, Kinyerezi, Ubungo na Sinza lazima yasubiri mahali fulani. Mahali hapo pa kusubiria ndipo bondeni. Pakipungua, maji yatasubiri ndani ya nyumba za watu wa Kigogo, Mchikichini na Magomeni.

Lori moja la kifusi lenye mita za ujazo kumi linachukua nafasi ya lita elfu kumi za maji. Kila mwenyeji wa jiji hili analijua boza la lita elfu kumi, kwa hiyo kila lori linalomwaga pale usiku ni sawa na boza moja la maji ya mafuriko kufunguliwa mlangoni kwa mtu mwingine. Malori matatu kwa usiku mmoja, usiku mbili kwa wiki, kwa miezi kadhaa; hesabu hiyo anaweza kuifanya yeyote.

Na hili linafanyika wakati Taifa linakopa fedha kwa ajili ya kupanua nafasi hiyo hiyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, fedha ambazo watoto wetu watazilipa. Mpango uliozaliwa kwenye mikutano ya wadau ya mwaka 2018 ulikuwa mzuri, nami niliusoma kwa makini: kuchimba na kupanua bonde la chini, kulifanya sehemu kubwa yake kuwa bustani ya jiji ambayo wakati wa mvua inakubali kuzama, kurejesha mikoko mdomoni mwa mto, na kujenga daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390 ili barabara ya Morogoro isifungwe kila masika. Lakini daraja hata likiwa refu namna gani linapitisha maji tu, haliyahifadhi. Tukichimba upande mmoja kwa mkopo na kuruhusu kifusi upande wa pili kwa kufumba macho, tutakuwa tumelipa fedha nyingi ili kubaki pale pale tulipokuwa.

Nimefuatilia. Nilianza kwa viongozi wa mtaa, nikaambiwa mwenye eneo ana kibali, lakini nilipoomba kukiona niliambiwa kiko ofisi ya juu. Nikaenda ofisi ya juu, nikaambiwa niandike barua. Niliandika, nikaambatanisha picha sita zenye tarehe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijajibiwa hata kwa simu. Ofisi ya tatu ndiyo iliyonivunja moyo. Kijana aliyenipokea, kwa heshima zote, alifungua ramani kwenye kompyuta yake akaniambia kwamba sehemu ninayoilalamikia iko nje ya mpaka wa mradi kwa mita chache. Nikamuuliza ilikuwaje nyumba yetu, iliyokuwa hapo hapo, ikapimwa, ikathaminiwa na kuvunjwa kwa maelezo kwamba iko ndani. Hakuwa na jibu. Aliniomba nirudi wiki inayofuata, nami nimerudi mara tatu.

Hata kama pale ni nje ya mpaka wa mradi, si nje ya sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kifungu hicho tulisomewa sisi mara nyingi, kwa vipaza sauti, wakati wa bomoabomoa. Sijawahi kusikia kikisomwa mbele ya mwenye lori.

Naomba nisieleweke vibaya na ndugu ambao bado wanaishi ukingoni. Mtu maskini anayejikinga na mafuriko hupanga viroba vya mchanga na matairi mabovu mlangoni kwake. Hana uwezo wa kukodi katapila. Anayejaza kwa kiwango hiki anatengeneza kiwanja cha kuuza, tena katikati ya jiji, dakika chache kutoka Kariakoo, juu ya ardhi ambayo wengine waliondolewa.

Jambo ninalolitaka si msako wa wiki moja wenye waandishi wa habari na picha za viongozi wamevaa buti. Nataka bonde hili lipewe hadhi ya hifadhi. Huko juu, mto unakoanzia, msitu wa Pugu Kazimzumbwi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, una mipaka na una walinzi. Huku chini, ardhi oevu inayolinda maisha ya maelfu ya watu inachukuliwa kama kiwanja kilichosahauliwa. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza ardhi oevu kuwa eneo linalolindwa, na sioni kwa nini hayatumiki hapa. Ziwekwe nguzo za mpaka zinazoonekana kwa macho, si mstari wa ramani unaohama kulingana na anayeuliza. Kifusi kilichomwagwa kiondolewe kwa gharama ya aliyekimwaga. Na hiyo bustani itakapojengwa, sehemu ya kuhifadhi maji ibaki na matete na udongo wake, isitandazwe vitofali vya kupumzikia, kwa sababu matete ndiyo yanayopunguza kasi ya maji na kuukamata mchanga ambao leo tunauzoa kila mwaka chini ya daraja.

Wataalamu wa mipango miji na wanasheria mliomo humu, naomba mnieleze ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusimamisha malori haya usiku huu, na kama raia wa kawaida anaweza kuomba zuio mahakamani bila kuwa mmiliki wa eneo. Mnaoishi Kigogo, Mchikichini, Magomeni na Hananasifu, wekeni hapa picha za kila sehemu inayojazwa, pamoja na tarehe na saa. Barua yangu ya pili naipeleka Jumatatu, na safari hii nataka iende na majina ya wengi. Masika huanza Machi, na bibi yule hana pengine pa kwenda.