Shylock wa katuni: tumpe pua ya kasuku au tusimpe?

penseli_2B: Wadau salama? Tupo watu wanne tunatengeneza katuni fupi ya Mabepari wa Venisi, ile komedi ya Shakespeare, Shylock anakopesha ducat 3000 kwa miezi mitatu na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wa Antonio. Mimi ndo nachora wahusika. Bosi anataka Shylock awe na pua kama mdomo wa kasuku, mgongo wa kibiongo na vidole vya mwewe, eti mtoto akimwona tu ajue mbaya ni huyu. Mkono wangu unagoma, maana pua hiyohiyo ndo Manazi waliitumia kwenye vibonzo vyao kuwachafua Wayahudi. Nichore au nigome?

kijiti: Chora bana. Katuni bila chumvi ni picha ya pasipoti. Antonio nae mpe kidevu cha koleo ngoma droo. Siku hizi watu mnaumia haraka sana

MwanaFasihi: @kijiti kutia chumvi tabia ya mtu sio sawa na kutia chumvi asili yake. Choyo hakikai puani. Hata jukwaani kulikuwa na mazoea ya kumfanya kichekesho, wanasema mpaka wigi jekundu, halafu 1814 kule London mwigizaji Edmund Kean akatoka na wigi jeusi akamcheza kama binadamu aliyeumizwa, kesho yake akawa gumzo la mji. Halafu tukumbushane, mfanyabiashara anayetajwa kwenye jina la Kiingereza la mchezo, The Merchant of Venice, ni Antonio sio Shylock, ndo maana hiyo "Mabepari" inanikera mpaka leo, Nyerere alipotafsiri pale alichomeka siasa zake.

mzalendo_halisi: Alichomeka?? Mtu ana nchi ya kuendesha na bado anakaa usiku na Shakespeare, wewe umetafsiri nini zaidi ya menyu? Heshima kidogo kwa Mwalimu.

kijiti: Tena alitafsiri 63, Azimio la Arusha halijazaliwa, siasa ipi sasa

MwanaFasihi: 63 ni ile tamthilia nyingine ya Shakespeare, ya Juliasi Kaizari, ndugu yangu. Mabepari imetoka 1969, Azimio ni 1967. Toa hapo mwenyewe. Na hiyo ya menyu nimeiona, siijibu.

mzalendo_halisi: Umeshaijibu.

Bi_Kamusi: Wanangu pumueni. Bepari ni neno lililotoka Bara Hindi na mwanzo lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, hii ya mnyonyaji imelipanda mgongoni baadaye. Kwa hiyo Mwalimu hakudanganya, aliokota neno lenye sura mbili akaliacha lichekee kote kote. Mngeuliza kwa nini ni wingi wakati Kiingereza kinasema mmoja, hapo ningekaa kitako.

mzalendo_halisi: Kwa hiyo nimeshinda

Bi_Kamusi: Hujashinda kitu baba.

wino_mzito: Jamani mwenye mada kaulizia pua. penseli, fanya jaribio la kivuli, paka umbo zima jeusi tii, usiache jicho wala mkunjo, kisha mwonyeshe mtu asiyejua kitu. Akimtambua Shylock kwa pua peke yake, umefeli, umechora kabila. Mimi ningeweka kila kitu kwenye mkono. Kuna ile sehemu ya mahakamani, wenzake wanabembeleza na yeye ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake, mizani iko tayari. Huo mguu ulioinuliwa na kisu kinachokwenda taratibu, hata kwa kivuli kitupu mtoto atasogea nyuma ya mama yake. Na mwili wake uanze mraba, mzito kama kabati, bintiye Jessica akishatoroka na kijisanduku cha mali nguo zianze kumpwaya kidogo kidogo. Hakuna haja ya pua.

kijiti: Sawa profesa ila komedi iko wapi hapo, hiyo ni matanga

dada_wa_Portia: Na mimi nishangae, kurasa mbili pua, pua, Portia hana mchoraji? Anavaa joho la mwanasheria na MUME WAKE Bassanio hamtambui. Jukwaani enzi zile ilipita kwa sababu Portia mwenyewe alikuwa mvulana, mvulana kavaa kike halafu kike kinavaa kiume, watu wanacheka. Kwenye katuni ukimwachia macho yaleyale Bassanio anaonekana bwege.

kijiti: Si ndivyo tulivyo. Mke akisuka tu tunapita kama hatujamwona

dada_wa_Portia: Sema ndivyo ULIVYO. Pole kwa huyo dada.

kijiti: Usiingilie nyumba yangu

dada_wa_Portia: Umeileta mwenyewe hapa na mlango wake.

MwanaFasihi: Tukirudi kwa Shylock, mpe kofia. Venice iliwalazimisha Wayahudi kuvaa alama, na kuanzia 1516 wakafungiwa mtaa mmoja, mageti yanafungwa usiku. Neno geto limetoka hukohuko.

kijiti: Subiri, geto langu hili la kitanda na jiko la gesi limetoka Venice?? 😂 naongeza heshima ya kudeki

penseli_2B: Asanteni, hata mliogombana. Nimechora matatu, mraba umekubali, pua nimeiacha ya kawaida, kofia nimepaka nyekundu. Bosi kajibu neno moja, "pua?"

mzalendo_halisi: Kofia ilikuwa ya njano.

MwanaFasihi: Mwanzo njano, baadaye nyekundu.

mzalendo_halisi: Njano.