Mrejesho: Maji ya kupoza turbo kwenye gari langu la zamani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nichukue wapi maji ya kupoza turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini) niliyoifunga kwenye injini ya zamani ambayo haikuzaliwa nayo, na yarudi wapi.

Kwanza nilikuwa mbishi, nikaiunga kwenye njia moja na mpira wa hita. Mlinionya: nikifunga koki ya hita, maji ya turbo nayo yanasimama. Ikawa hivyo hivyo! Nimeng'oa. Sasa nachukua maji kwenye tundu la ubavuni mwa bloku (mwili wa injini), yanaingia turbo kwa chini, yanatokea juu na kupanda moja kwa moja hadi tangi la akiba la maji. Aliyesisitiza mpira wa kurudi usishuke popote, nakupa tano. Injini ikizimwa pampu imelala, ila maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanachukua nafasi yake, kwa hiyo oili haiungulii kwenye beringi za turbo. Ukishika mpira dakika chache baada ya kuzima, unasikia joto likisafiri.

Mshale wa joto ulipanda siku ya kwanza, kumbe hewa ilinasa kwenye njia za maji. Niliinua pua ya gari, nikajaza maji taratibu mfuniko ukiwa wazi, mshale ukatulia.

Kuvuja ndiko hakujaisha. Nilirudishia washa (pete za kuzibia) za shaba za zamani (ubahili tu), bolti ya mpira wa chini ya turbo bado inatoa jasho. Na kipande cha mpira kilicho karibu na upande wa ekzosi kimeanza kukakamaa, nakibadilisha kwa bomba la chuma.