Tupeane uzoefu: kulala katika kambi za mahema ya kifahari Serengeti

Ndugu wanajukwaa, naomba waliowahi kulala au kufanya kazi katika kambi hizi watusimulie, maana wengi wetu huamini kwamba hema lenye kitanda kikubwa, shuka nyeupe na choo chake ndani ni la wageni wa ng'ambo pekee. Naanza mimi. Tulifikia kambi ya kuhamahama upande wa Ndutu mwezi Februari, nyumbu wakiwa wanazaa kwenye nyanda za majani mafupi. Kilichonivutia zaidi ni bafu: mhudumu huleta maji ya moto, huyamimina katika ndoo ya turubai ya takribani lita 20 nyuma ya hema, kisha huipandisha kwa kamba na kapi. Unajilowesha, unafunga maji, unajipaka sabuni, ndipo unafungua tena kujisuuza, na yanatosha kabisa. Usiku hakuna anayetoka peke yake kwa kuwa kambi haina uzio. Askari huja na tochi kukusindikiza hadi mezani.

Mchangiaji wa pili:
Kaka, asante kwa kuikumbuka ndoo, maana mimi nilikuwa naijaza. Kambi hizo huwafuata nyumbu: Desemba hadi Machi huwa kusini, na kuanzia Julai hadi Oktoba huwa Kogatende, karibu na Mto Mara. Kuhama ni kung'oa vitanda, matangi, majiko na paneli za sola, na kuiacha ardhi bila hata kipande cha taka. Nawasihi wageni wasiweke chakula hemani, hata biskuti za watoto, kwa sababu wanyama hunusa.

Mchangiaji wa tatu:
Sisi tulikwenda wakati wa masika. Baadhi ya kambi hufungwa Aprili na Mei, na barabara huteleza kweli, lakini zinazobaki wazi kwa kawaida hushusha bei. Ulizeni bei ya wakazi kabla ya kulipa chochote, kwani tulitajiwa kwanza bei ya dola, na tulipouliza ikapungua sana. Msisahau vitambulisho vya Taifa: kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno kuliko cha wageni wengine. Dada uliyekuwa mhudumu, tafadhali tufafanulie kuhusu watoto wadogo, kwa sababu kambi mojawapo ilikataa kumpokea mwanangu.