Ulishawahi kudhani umeachwa? Tupeane uzoefu wa unyakuo, hasa tuliokulia Kanda ya Ziwa

Mwana wa Igogo (mleta uzi)

Mwangaluka wanajamvi.

Jana nimempigia mama simu mara nne hapokei. Mimi mtu mzima, nina ndevu na mkopo wa benki, lakini kilichonijia kichwani si kwamba simu yake imeisha chaji. Nilijisemea: wameshaondoka. Nikacheka peke yangu ndani ya daladala ya Buhongwa mpaka konda akanitazama mara mbili.

Iko hivi. Nilikuwa darasa la nne, tunakaa Igogo, Mwanza, kule juu kwenye mawe. Siku hiyo narudi shule mchana nakuta mlango wazi, jiko la mkaa linawaka, maharage yanatokota, redio inaongea. Kanga ya mama iko chini katikati ya uwanja. Mama hayupo, dada hayupo. Naita, kimya. Na Jumapili iliyotangulia mhubiri alikuwa ametueleza kwamba Bwana atakuja kufumba na kufumbua, nguo zitabaki, watakatifu wataondoka, na wezi wa sukari watabaki na mpinga Kristo miaka saba. Sukari nilikuwa nimelamba asubuhi ile ile.

Nikafanya uchunguzi. Kwa mzee wa kanisa hakuna mtu. Kwa jirani wa kwaya, hakuna mtu. Nikashuka kidogo nikamkuta mlevi wa mtaa wetu amekaa juu ya jiwe lake anaimba. Hapo ndipo miguu iliniisha nguvu. Nilikaa pembeni yake nikalia, maana nilishaelewa huyu ndiye nitakayekuwa naye miaka yote saba.

Kumbe mtaa wa pili kulitokea msiba wa ghafla, wanawake wote wamekimbilia huko, na kanga ilidondoka mama akitoka mbio.

Kwetu fundisho lilikuwa moja tu: kanisa linanyakuliwa kwanza, dhiki kuu, ile miaka saba, inawashukia waliobaki, halafu Yesu anarudi na watakatifu wake kutawala miaka elfu. Ukubwani ndipo nimekuja kugundua kuna Wakristo wanaosoma Biblia hii hii na hofu hiyo hawaijui, wana ya kwao. Sasa nauliza: wewe ulifundishwaje, na ilikufanya uogope nini? Tafadhali tusigeuze uzi kuwa ulingo wa kurushiana mistari. (Najua tutageuza.)

Kitinda Mimba

Sisi tulikuwa na kipimo: mdogo wetu mchanga. Nikiamka usiku nyumba iko kimya mno, naenda kupapasa kitandani kwa mama. Mchanga hana dhambi, kwa hiyo kama yupo, Yesu bado. Tatizo alikua, akaanza kusingizia watu, kipimo kikawa hakiaminiki tena.

Binti Majita

Wasabato tulioko huku Majita hiyo ya kuondoka kimya kimya hatukulelewa nayo. Tulifundishwa kila jicho litamwona, Ufunuo 1:7, parapanda inalia, makaburi yanapasuka. Babu alikuwa akiuliza, mtu ataibiwaje kwa siri na huku tarumbeta linapigwa? Kwetu waliookoka wanachukuliwa Yesu akija waziwazi, baada ya taabu na si kabla, na ile miaka elfu inakaliwa mbinguni. Dunia inabaki ukiwa, Shetani yuko peke yake hana wa kumdanganya.

Kwa hiyo mimi sikuogopa kuachwa. Niliogopa kukimbia. Tuliambiwa itatoka sheria ya kulazimisha kuabudu Jumapili, na watu wa Mungu watakimbilia milimani. Nilikuwa na mfuko wangu chini ya kitanda: shuka, kiberiti, makopa ya mihogo na kijiko kimoja. Hata jiwe la kujificha nilishalichagua, nikalinyang'anya kwa binamu yangu aliyelichagua kabla yangu.

Babu alitusimulia pia habari za tarehe 22 Oktoba 1844, wafuasi wa William Miller kule Marekani walivyomngoja Bwana mpaka usiku wa manane ukapita. Wapo walioacha viazi vyao shambani bila kuvuna. Kanisa letu limetokana na watu waliolia asubuhi ile. Ndiyo maana ukimletea babu tarehe, alikuwa anakuuliza kwanza kama umeshapalilia.

Mkatoliki wa Kudumu

Mimi wa upande wa Bukumbi, na kule wamisionari walifika tangu 1883, lakini neno unyakuo nimelisikia kwa mara ya kwanza nikiwa sekondari, kwa mwenzangu mlokole wa bweni. Sisi kila Jumapili tunakiri kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu, tunaketi, sadaka inapita. Katekisimu namba 675 inasema Kanisa lenyewe litapita kwenye jaribu la mwisho kabla Kristo hajaja. Kwa hiyo hakuna wa kutolewa mapema. Walutheri na Waanglikana wengi nao mtawakuta karibu na hapo.

Hofu yangu ilikuwa toharani. Ila huo ni uzi mwingine.

Ngosha wa Magu

Naomba mnivumilie, yangu ni ndefu na haichekeshi.

Shangazi yangu alikuwemo kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996. Hakupatikana. Bibi kila mwaka tarehe hiyo anakwenda Igoma, kwenye makaburi ya wale waliozikwa pamoja, ingawa mwanawe hayupo pale. Anasema atawasalimia wenzake.

Mwaka 2011 nilikuwa kijana nimeokoka kwa moto. Rafiki yangu akaniletea habari za mhubiri wa redio huko Marekani, Harold Camping. Amepiga hesabu: unyakuo ni Mei 21, Jumamosi, tetemeko litaanza saa kumi na mbili jioni kwa saa za kila nchi. Mtu huyo alishatabiri 1994 ikapita, lakini hilo hatukuambiwa. Nilipoona tarehe nilisisimka mwili mzima. Niliona Mungu amechagua siku ile ile kwa makusudi, kwamba Mwanza tulipewa onyo miaka kumi na mitano kabla.

Nikamwendea bibi. Nikamweleza yote, tetemeko, saa kumi na mbili, ajiandae. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mei 21 sisi yetu ilishafika."

Jumamosi ile nilimsindikiza Igoma kama kawaida. Jioni nikakaa nje naangalia saa ya simu. Saa kumi na mbili ikafika. Saa kumi na mbili na dakika ishirini bibi akaniuliza kama ndoo imejaa. Camping akasogeza mpaka Oktoba 21, nayo ikapita, na rafiki yangu yule hakuwahi kulizungumzia tena, mpaka leo.

Bibi alikuwa wa kanisa la AIC tangu zamani, amesikia mahubiri ya unyakuo wa kabla ya dhiki tangu akiwa msichana, wala hakuyapinga. Ila kwenye Wathesalonike wa kwanza sura ya nne alikuwa anakamata neno moja tu: kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa *kwanza*. Sisi wote tunagombania mstari wa 17, nani atanyakuliwa na lini. Yeye aliishia wa 16. Alikuwa anauliza wachungaji, "Na wa majini?" Mmoja akamjibu kwa Ufunuo 20:13, bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Bibi akasema, "Hili ni ziwa." Mchungaji akakosa la kusema. Baadaye bibi mwenyewe akaamua kwamba inatosha.

Kitinda Mimba

Pole sana ndugu Ngosha. Nimesoma mara mbili.

Mwanafunzi wa Zamani

Pole Ngosha. Mleta uzi, mimi nilibadilika, na ilinigharimu.

Nilikwenda chuo cha Biblia nikiamini unyakuo wa kabla ya dhiki kama nyote. Kule ndani nikakuta walimu wenyewe wamegawanyika. Mmoja alishika katikati: juma la Danieli 9:27, yaani ile miaka saba, linakatwa nusu, kanisa linaondoka kwenye parapanda ya saba, miaka mitatu na nusu ikiwa imeshapita. Mwingine alikuwa anatofautisha dhiki ya mpinga Kristo na hasira ya Mungu, kwamba tutaionja ya kwanza tutaepushwa ya pili. Na mzee mmoja mpole akatuambia kwamba mpango wa kabla ya dhiki kama tunaoufahamu ulienezwa na John Nelson Darby, Muingereza, kuanzia miaka ya 1830, kisha Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909 ikausambaza Marekani, na wamisionari wakatuletea. Darasa zima tulinyamaza. Tulidhani tumeupata kwa Paulo moja kwa moja.

Kilichonigeuza ni neno *kumlaki*. Paulo anasema tutanyakuliwa mawinguni "tumlaki Bwana hewani". Neno lile lile liko Matendo 28:15, ndugu wa Rumi walipotoka mpaka Soko la Apio kumlaki Paulo. Walimlaki, wakaingia naye mjini. Hawakugeuka kurudi naye alikotoka. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Mtumbwi ukirudi alfajiri, tunaingia majini hadi magotini kuupokea, tunauvuta pwani. Sijawahi kuona waliotoka kupokea wakapanda wakatokomea nao ziwani.

Nikafundisha hivyo kwenye kipindi cha vijana. Baada ya wiki mbili nikaambiwa nipumzike kufundisha. Nimepumzika hadi sasa.

Kuhusu hofu: ukiamini baada ya dhiki hofu haiondoki, inahama. 2019 laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, mimi msomi mzima nilikaa miezi sijasajili, nawaza alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Nikasajili siku za mwisho kabisa, kwenye foleni, nimeangalia chini kama nafanya uzinzi.

Mama wa Nyegezi

Wanangu, hamjambo. Mimi nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na huenda ni mimi niliyewatisha baadhi yenu. Mnisamehe kwa zile nguo zinazobaki, hazimo kwenye Biblia. Tuliziongeza ili mkae kimya.

Lakini fundisho lenyewe silitupi. Mwanafunzi, hapo kwenye mtumbwi umesema vizuri, ila bwana arusi naye anapokelewa ukweni, watu wanatoka na vigelegele, na mwisho wa siku anaondoka na mkewe. Soma Yohana 14:3, anakuja atukaribishe kwake. Wafiladelfia waliahidiwa kulindwa watoke katika saa ile, Ufunuo 3:10. Na Paulo anasema hatukuwekwa kwa hasira, halafu anamaliza "farijianeni". Ningefarijika vipi nikiambiwa mpinga Kristo ananingoja mlangoni? Huyo Darby simjui. Mimi nilisomewa na mama yangu, na mama yangu hakujua Kiingereza.

Mwanafunzi wa Zamani

Shikamoo mama. La arusi sina jibu la haraka. Lakini Mathayo 24:29 inasema mara baada ya dhiki ya siku zile, ndipo wateule wanakusanywa.

Mama wa Nyegezi

Marahaba. Wateule wale ni Israeli, mwanangu.

Mwanafunzi wa Zamani

Na 2 Wathesalonike 2:3? Mtu wa kuasi afunuliwe kwanza.

Mama wa Nyegezi

Hiyo ni siku ya Bwana, si unyakuo. Kula kwanza, tutaendelea.

Dagaa wa Giza

Nyie endeleeni na Wathesalonike, mimi niseme ya soko la Mwaloni.

Septemba 2025 si mnakumbuka ile video ya mhubiri wa Afrika Kusini, kwamba Yesu kamwambia tarehe 23 na 24, sikukuu ya baragumu ya Wayahudi? Kwenye kikoba chetu cha pale Kirumba kuna dada ananunua dagaa anapeleka mikoani. Mwanzoni mwa mwezi akaacha kuweka hisa. Tukamuuliza, akasema za nini. Akagawa na deni alilokuwa anadai, yaani akawasamehe watu watatu hivi hivi. Wale watatu wote wakageuka waumini wa tarehe 23 siku hiyo hiyo.

Kinachoniuma kama mfanyabiashara ni kwamba ile sikukuu huangukia mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo ni giza. Na giza ndilo la dagaa, taa zinafanya kazi, mitumbwi inajaa. Tarehe 23 mzigo ulikuwa wa kutosha na yeye yuko nyumbani amevaa nyeupe. Tarehe 25 akaja Mwaloni kimya, amejifunga kanga, akaomba kukopeshwa mtaji. Tulimkopesha. Mwenyekiti wetu, ambaye ni Mwislamu, ndiye alisimama tusimcheke, akasema hata yeye anamsubiri Issa bin Mariamu arudi, ila anasubiri akiwa na daftari la hesabu.

Wale watatu hawajalipa. Wanasema walisamehewa mbele za Mungu.

Binti Majita

Dagaa wa Giza, hao watatu ndio wangeachwa kwa fundisho lolote.

Kitinda Mimba

Mleta uzi umetuacha njiani. Mama alipokea simu? Na yale maharage?

Mwana wa Igogo (mleta uzi)

Alipokea saa mbili usiku. Alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya wazee, simu kaiacha ndani ya kabati.

Maharage yaliungua yakawa makaa. Mama aliporudi toka msibani nikamweleza kwa machozi kwamba nilidhani amenyakuliwa. Akanifinya sikio, akasema, "Na mimi nikinyakuliwa ndiyo usiipue sufuria?"