Rangi inayobanduka kwenye vitu vya kuchezea: nitajuaje kama ina risasi?

Mama Wawili, Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Nina binti wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila anachokishika hukipeleka mdomoni. Juzi nilimkuta anaguguna gari dogo la bati la rangi ya manjano, lililotoka katika mfuko wa vitu vya kuchezea vya mtumba nilioununua mnadani, na kwenye ulimi wake kulikuwa na vipande vya rangi vidogo kama magamba ya dagaa. Nilivitoa kwa kidole, kisha nikaliosha gari kwa maji ya moto na sabuni, lakini rangi iliendelea kunibandukia mkononi. Nimesikia kwamba zipo rangi zinazotiwa madini ya risasi, nayo ni sumu kwa watoto. Je, ipo njia ya kutambua nikiwa nyumbani? Kuosha kunasaidia? Na mtoto anayecheza na kula vizuri ana haja ya kupimwa, ikiwa jambo pekee ninaloliona ni kwamba kwa wiki kadhaa choo chake kimekuwa kigumu?

Mkemia Mstaafu, Dar es Salaam

Pole, dada. Kwa macho huwezi kuitambua. Risasi haina harufu, na rangi iliyo nayo mara nyingi ndiyo inayong'aa na kudumu kuliko nyingine, ndiyo maana watengenezaji waliipenda. Manjano na chungwa kali ni za kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Vipo vijiti vya kupimia vinavyogeuka rangi, lakini hukosea, hasa risasi ikiwa imefunikwa na tabaka jipya. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata hivyo, gari la mtumba halistahili gharama hiyo: litoe nyumbani leo, usimpe mtoto wa jirani, wala usilichome, kwa sababu moto hauiondoi risasi bali huitawanya. Kuosha huondoa vumbi la juu tu.

Kuhusu kupima, nakushauri umpeleke. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi katika mifupa, na damu ikaifikisha kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kile kile, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Damu ikionyesha maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo lazima kitafutwe na kuondolewa. Dawa za kuitoa risasi mwilini kwa watoto hupendekezwa ikifika 45, tena hospitalini. Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Choo kigumu kina sababu nyingi, lakini risasi ni mojawapo, kwa hiyo mtajie daktari habari ya rangi waziwazi, maana asipoambiwa hawezi kuikisia.

Kagua pia mapambo ya bei rahisi, mikufu na vikuku, kwani mengine husubiwa kwa risasi au kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Mwaka 2006 huko Minnesota, Marekani, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kumeza kidani cha kikuku ambacho karibu chote kilikuwa risasi.

Naomba nikuulize jambo ambalo naliona kubwa kuliko gari lile: je, kuna mtu hapo nyumbani anayeshughulika na betri, redieta, rangi au uvuvi?

Fundi Rangi, Mombasa

Mimi nataka kuwasihi wazazi kuhusu vitanda na milango. Kiwango cha rangi cha Afrika Mashariki kinataka risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni, lakini mlango uliopakwa rangi ya mafuta miaka thelathini iliyopita haukuwahi kukijua kiwango hicho. Wateja wengi huniita nikwangue kitanda cha mtoto, na wakati huohuo mtoto amekaa hapohapo ananitazama. Msasa mkavu ndio unaodhuru. Vumbi lake ni laini kuliko unga wa ngano, hukaa juu ya mkeka na kwenye vidole vya mtoto, na ufagio hulirusha tena hewani. Ninalowesha kwanza, ninapiga msasa wa maji, ninatandaza nailoni chini, ninamwomba mama mjamzito na watoto walale kwa jirani, na nguo zangu za kazi sizipandishi kitandani kwangu.

Hatari ya risasi tuliijua kwa uchungu huku Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Phyllis Omido alifanya kazi pale, mwanawe mchanga akaugua, akapimwa malaria na homa ya matumbo, hadi ikaonekana kwamba ni risasi. Yeye na wanakijiji walipambana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ambayo baadaye ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Udongo wenyewe ulikuwa umeshaingia sumu.

Bibi wa Makorora

Mwanangu, umeulizwa habari ya kazi, na mimi nakuuliza habari ya wanja. Sisi wa pwani tumewapaka watoto wetu wanja wa manga tangu wakiwa wachanga, tukiamini unatia nuru machoni. Mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi, alinieleza kwamba baadhi ya wanja huo ni jiwe la risasi lililosagwa, na mtoto akisugua jicho kisha akanyonya kidole, amekwisha kulila. Niliumia moyo, kwa sababu niliwapaka watoto sita kwa mkono huu. Sasa simpaki mtoto kitu machoni. Tazama na sufuria pia, zile nzito zinazosubiwa kwa vyuma chakavu, ambavyo hakuna ajuaye vilichanganywa na nini. Mchuzi wa ukwaju au wa nyanya huzila sufuria hizo, nami nimeacha kuzipikia vitu vichachu.

Mama Wawili, Tanga

Shikamoo bibi, na nawashukuru nyote. Swali la mkemia limeninyima usingizi. Shemeji yangu ni mvuvi, na kila baada ya majuma mawili huyeyusha risasi ya betri kuukuu uani ili asubu machubwi, yaani vizito vya kuzamishia nyavu, akimimina kwenye mashimo aliyoyachimba mchangani kwa kidole gumba. Anatumia sufuria kuukuu, ambayo nimegundua kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuichemshia maji ya kumwogeshea mtoto. Mchanga huo ndio mtoto anaouchezea kila jioni. Gari nimeliondoa, lakini sasa naona lilikuwa dogo katika jambo hili. Leo asubuhi mtoto ametolewa damu, na sampuli imepelekwa Dar es Salaam.

Mkemia Mstaafu, Dar es Salaam

Umefanya vyema, dada, na usijilaumu. Mwombe daktari ampime na kaka yake, na shemeji mwenyewe, kwani yeye ndiye anayeuvuta moshi ule. Kazi hiyo isifanyike tena penye makazi. Machubwi yaliyo tayari yanauzwa, na baadhi ya wavuvi hutumia mawe. Sufuria hiyo isirudi jikoni. Mchanga wa mahali pale usifagiliwe ukiwa mkavu: ulowesheni, uchotwe kwa koleo na kufungwa katika mifuko, kisha muulize ofisi ya afya ya kata pa kuupeleka, na eneo lifunikwe kwa udongo safi uliochukuliwa mbali. Ndani pigeni deki kwa kitambaa kibichi kila siku. Mtoto anawishwe mikono kabla ya kula na kabla ya kulala, apewe maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani, maana mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu huifyonza risasi kwa wingi zaidi. Majibu yakifika, tuandikie kiwango kilichosomeka.